Jaba la nyuma ya karakana: namna ya kutoa fedha, shaba na metali nyingine kwenye asidi iliyotumika

Karakana nyingi za kusafisha dhahabu ninazozijua hapa Mwanza zina jaba moja linalokaa nyuma, karibu na ukuta, mfuniko wake umeliwa pembeni na mvuke. Ndani kuna maji ya kijani yanayoelekea bluu. Kila kazi ikiisha, asidi iliyotumika inamiminwa humo, na jaba likijaa linaanza swali la nani atalibeba. Mimi nilijifunzia kazi mahali ambapo swali hilo lilijibiwa usiku wa mvua. Jaba lililazwa mferejini, mvua ikamaliza. Mfereji ule unaingia Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Mama yangu alikuwa akiuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na nyumbani tulikunywa maji ya bomba yanayovutwa kutoka ziwa hilohilo. Nilikuja kuelewa baadaye, na nilipoelewa ndipo nikajifunza haya ninayoyaandika.

Jambo la kushika ni hili: asidi ile si uchafu wa aina moja. Ni foleni. Fedha, ile masonara wanayoiita silva, iko mbele. Shaba inafuata. Nyuma yao wamo chuma, zinki, nikeli na risasi. Ukiwaita kwa zamu, wawili wa mbele wanatoka kila mmoja peke yake, nao wana wanunuzi. Ukimwaga chokaa jabani kwa mkupuo, wote wanaanguka pamoja wanakuwa tope lisilo na mnunuzi, na fedha yako imo humohumo.

Ijue asidi yako kabla hujaigusa

Kazi yetu kwa kawaida inazaa asidi za aina mbili. Ya kwanza ni nitriki ya kutenganishia. Dhahabu imeyeyushwa pamoja na fedha mara tatu ya uzito wake, ikamwagwa kwenye maji ikawa punje, kisha nitriki ikala fedha na shaba, dhahabu ikabaki chini kama mchanga wa kahawia. Ukiwa umetenganisha gramu 100 za dhahabu kwa njia hiyo, gramu 300 za fedha ulizochanganya zimo kwenye yale maji, pamoja na fedha na shaba iliyokuja na dhahabu yenyewe kutoka mgodini. Hazijapotea popote.

Ya pili ni akwa rejia, mchanganyiko wa nitriki na hidrokloriki. Humo karibu fedha yote imeshaganda chini kama unga mweupe, kwa hiyo iokote ule unga uuweke na mashapo ya Hatua ya 2. Yanayobaki majini ni shaba, chuma, zinki, na mara nyingine dhahabu iliyosahaulika. Chukua tone moja ulijaribu kwa kloridi ya bati. Rangi ya zambarau au nyeusi ikitokea, dhahabu ingalimo. Ishushe kwanza kwa njia unayotumia siku zote. Ukiiacha, chuma utakachotia baadaye kitaiangusha ndani ya shaba, na utaiuza kwa bei ya shaba.

Weka kila aina kwenye jaba lake. Andika ubavuni kwa rangi ya mafuta: ni asidi gani, tarehe, kazi iliyoizaa.

Kuna vitu vitatu ambavyo havitakiwi hata kukaa kwenye kibanda kimoja na majaba haya au kuingia humo kwa bahati mbaya.

Sayanaidi. Wengi wetu tunafanya kazi jirani na watu wa kaboni na elusheni, yaani wanaotoa dhahabu kwa sayanaidi, na wengine wanafanya zote mbili chini ya paa moja. Maji yenye sayanaidi yakikutana na asidi yanatoa gesi inayoua kwa dakika chache, na kuna watu ambao pua zao haziwezi kabisa kuinusa. Usichanganye ndoo, usichanganye miti ya kukorogea, usiazime dumu lao. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Zebaki. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki na kuchomwa haraka bado inabaki na zebaki ndani. Nitriki inaiyeyusha kama inavyoyeyusha fedha, halafu itajificha: sehemu yake inaweza kushuka na fedha, na iliyobaki itashuka na shaba. Fundi atakayeyeyusha shaba hiyo ataivuta kifuani. Kama dhahabu unayopokea ni ya zebaki, ichomwe kwenye ritoti (chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki) mpaka zebaki imalizike kabla haijaona asidi. Kama una shaka na jaba la zamani, peleka sampuli maabara kwanza.

Kromu. Asidi ya wapaka kromu ni ya njano au ya machungwa, na kromu ya aina hiyo haishuki kwa chokaa hata ukitia gunia. Inabidi igeuzwe kwanza kwa sodiamu metabisulfaiti ikiwa bado kwenye asidi kali, pH 2 hadi 3 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), mpaka maji yawe ya kijani, ndipo ishushwe kwenye pH 8 hadi 8.5. Hiyo ni kazi nyingine yenye jaba lake.

Vifaa

Majaba ya plastiki ngumu matatu au manne, ndoo za plastiki zenye alama za lita, mti wa kukorogea wa plastiki (bomba la maji la inchi moja lililozibwa mwisho linatosha), mpira mwembamba wa kunyonyea maji, kitambaa cha amerikani cha kuchujia, mizani ya gramu, glasi chache ndogo nyeupe. Usikose karatasi za pH. Zile za rangi mbili za litmasi hazitoshi, kwa sababu zinakwambia asidi au si asidi tu. Unataka zinazosoma kutoka 0 hadi 14.

Kwa mwili wako: glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika jicho pande zote, aproni ya plastiki, buti, na barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa nitriki. Fanyia kazi nje au kwenye banda lililo wazi, upepo ukikupiga mgongoni, na uwe na maji safi ya bomba au pipa hatua mbili kutoka uliposimama. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, ndipo uende hospitali.

Ule moshi wa kahawia unaotoka nitriki ikila metali una tabia mbaya ya kuchelewa. Mtu anaukohoa kidogo, anajisikia vizuri, anakwenda nyumbani, na saa nyingi baadaye mapafu yanajaa maji. Aliyevuta moshi huo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Bugando au Sekou Toure, hata kama anasema yuko salama.

Na kanuni ya kila siku: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole. Maji hayamiminwi kwenye asidi kali.

Hatua ya 1: chuja dhahabu yote

Kabla ya kutia chochote kwenye ile nitriki, hakikisha hakuna punje ya dhahabu iliyobaki ikielea au kukaa chini. Sababu yake ni hii: hatua inayofuata inatia chumvi, na chumvi ndani ya nitriki inaigeuza kuwa kitu kinachofanana na akwa rejia. Dhahabu iliyobaki itaanza kuyeyuka tena. Acha maji yatulie usiku kucha, nyonya ya juu kwa mpira, ya chini yapitishe kwenye karatasi ya kuchujia. Na usianze kunyonya mpira huo kwa mdomo. Ujaze maji safi kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole vyenye glavu, zamisha moja, achia nyingine chini zaidi.

Hatua ya 2: ita fedha kwa chumvi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayolipa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chota maji kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye glasi. Tia chembe chache za chumvi ya mezani. Kama fedha imo, utaona wingu jeupe linazaliwa palepale chembe ilipoangukia, linashuka kama nyuzi za maziwa, kisha linakamatana vipande vipande mfano wa maziwa yanayogandia mtindi. Iache glasi juani nusu saa. Yale mabonge yanaanza kuwa na rangi ya zambarau, kisha kijivu. Hiyo ni kloridi ya fedha, na jua ndilo shahidi wake. Risasi nayo inatoa weupe, lakini weupe wa risasi hausumbuliwi na jua, na ukiumwagia maji ya moto unayeyuka.

Sasa hesabu. Gramu 100 za fedha zinahitaji gramu 54 za chumvi. Kwa zile gramu 300 za mfano wetu ni gramu 162, nami naongeza kidogo nafika 190 kwa sababu ya fedha iliyokuja na dhahabu. Usitie kilo nzima kwa kudhani zaidi ni bora. Chumvi ikizidi sana inaanza kuirudisha fedha majini, kidogokidogo, na unakuwa umelipia chumvi ili upoteze fedha.

Yeyusha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, uichuje kama ina mchanga. Imimine kwa mkondo mwembamba huku mwenzako anakoroga. Mwanzo jaba zima linakuwa kama uji wa maziwa na huoni kitu. Endelea kukoroga kwa nguvu dakika kumi. Mabonge yatashikana, na ghafla kati yao utaanza kuona maji ya bluu safi. Funika jaba lisipate mwanga, liache hadi kesho.

Asubuhi chota maji ya juu yaliyo safi, tia tone moja la maji ya chumvi. Yakibaki safi, fedha imekwisha. Yakitoa wingu, ongeza chumvi kidogo na usubiri tena. Maji hayo ya bluu yanyonye uyapeleke jaba la pili; hiyo ndiyo shaba yako, usiimwage.

Mabonge meupe yaoshe kwa maji ya moto, koroga, acha yatulie, mwaga kwenye jaba la pili, rudia. Mara tano au sita. Maji ya moto yanaondoa na risasi kama ilikuwepo. Acha kuosha pale maji yanapotoka hayana dalili yoyote ya bluu.

Wapo wanaoning'iniza kipande cha shaba kwenye nitriki badala ya kutia chumvi. Inafanya kazi: kilo moja ya shaba inaangusha kilo 3.4 za fedha, na inashuka ikiwa metali tayari. Mwenye nyaya za mota nyingi na asidi isiyokuwa kali sana na afanye hivyo. Lakini nitriki iliyobaki ikiwa na nguvu inakula shaba yako bure na kutoa moshi, na mwisho wa kazi huna uhakika wa fedha ya mwisho. Chumvi haijali ukali wa asidi. Kwa karakana ndogo nasimama na chumvi.

Hatua ya 3: geuza weupe uwe fedha

Usiyayeyushe mabonge yale moja kwa moja kwenye chungu. Kloridi ya fedha inayeyuka kwenye nyuzi 455 tu, inafuka moshi na kunywewa na chungu, na utabaki unashangaa uzito umekwenda wapi.

Yaweke yakiwa bado mabichi kwenye ndoo ya plastiki. Chukua asidi ya betri, changanya sehemu moja kwenye sehemu tatu za maji (asidi ndiyo iingie kwenye maji), mimina mpaka ifunike mabonge kwa vidole viwili. Zamisha humo chuma safi kisicho na kutu wala mpako wa mabati: bolti nene, au kipande cha nondo kilichosuguliwa. Napendelea vipande vinene kwa sababu mwisho wa kazi unavitoa kwa mkono wenye glavu bila kutafuta tafuta. Kwa gramu 300 za fedha chuma kitakacholiwa kwa hesabu ni kama gramu 78, lakini weka nusu kilo, asidi nayo ina sehemu yake.

Koroga kila baada ya dakika chache. Povu linalotoka ni gesi ya hidrojeni, inawaka, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko karibu. Weupe utaanza kuwa kijivu kuzunguka chuma, kisha kijivu kinatambaa mpaka hakuna jeupe popote. Saa kadhaa, wakati mwingine usiku mzima. Kupima kama imekwisha: chukua unga kidogo kama ncha ya kisu, uoshe vizuri sana mpaka chumvi yote itoke, utie kwenye matone ya nitriki safi. Ukiyeyuka wote bila kubakiza weupe, umemaliza.

Toa chuma, osha unga mpaka maji ya kuoshea yasiwe na asidi, kausha, yeyusha na boraksi. Kitakachomiminika ni fedha.

Ni marufuku kuosha kloridi ya fedha kwa amonia na kuiacha. Watu wamefundishana mbinu hiyo kwa sababu amonia inaiyeyusha vizuri, lakini mchanganyiko huo ukikaa au ukikauka unaweza kuzaa kitu cheusi kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Hatua ya 4: shaba ishuke juu ya chuma

Jaba la pili sasa ni la bluu au kijani. Pima pH. Kama ni chini ya 1, chuma kitaliwa bure na moshi wa kahawia utatoka. Punguza makali kwanza kwa maji ya chokaa au magadi, kidogokidogo, mpaka pH ifike karibu 2. Magadi yanatoa povu kwa fujo, kwa hiyo jaba lisizidi nusu.

Chovya msumari uliosuguliwa uhesabu hadi sitini. Ukitoka mwekundu, shaba ipo.

Tia chuma chembamba chenye uso mkubwa: stiliwaya za kusugulia sufuria ambazo ni za chuma cha kawaida, au vinyoleo kutoka kwa mafundi wa kukereza vyuma, vikiwa vimeoshwa mafuta kwa sabuni. Chuma cha pua hakitakusaidia. Kwa kilo moja ya shaba hesabu inataka gramu 880 za chuma, lakini jiandae kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Usivibane chini kama godoro. Vikae wazi ili maji yapite. Koroga mara kwa mara, maana shaba inayojishika kwenye chuma inakifunika na kazi inasimama. Ukikoroga inabanduka, inazama kama tope la rangi ya matofali.

Rangi ya bluu itafifia mpaka maji yawe ya kijani hafifu au ya njano chafu. Hiyo ni rangi ya chuma kilichoingia mahali pa shaba. Chovya msumari mpya. Usipopata wekundu baada ya dakika tano, shaba imeisha. Nyonya maji uyapeleke jaba la tatu. Tope jekundu lioshe, litoe mabaki ya chuma, likaushe haraka kivulini kwa sababu likikaa bichi linageuka jeusi na kijani. Wanunuzi wa skrepa wanalipokea kwa bei ya chini kuliko waya, lakini wanalipokea.

Hatua ya 5: chokaa kwa waliobaki

Watu wanakimbia hapa kwa sababu hakuna tena cha kuuza. Hapa ndipo ziwa linaposalimika au kuumia.

Chuma kilichomo majini sasa kiko katika hali ambayo haishuki kwa urahisi. Kikipata hewa kinabadilika na kushuka mapema. Kwa hiyo pitisha hewa: pampu ndogo ya tangi la samaki, au kompresa kwa upepo mdogo, saa chache, na uendelee nayo wakati unatia chokaa.

Tumia chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta. Chokaa ya shambani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Inatoa povu na haiwezi kukufikisha unakotaka. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, inafika haraka, lakini tope lake ni kama ute, halitulii, halichujiki. Chokaa inatoa tope jingi zaidi ila zito, linakaa chini lenyewe.

Usikisie kiasi. Chukua lita moja ya maji yako kwenye ndoo, pima gramu 100 za chokaa pembeni, tia kijiko kwa kijiko huku ukikoroga na kusoma pH mpaka ifike 9.5. Pima iliyobaki. Kama imetumika gramu 35, basi jaba la lita 50 linataka kilo 1 na gramu 750. Koroga chokaa hiyo kwenye maji iwe kama maziwa, ichuje mawe, ndipo uimimine kwa saa moja au zaidi.

Angalia rangi, zitakueleza. Pale pH 3 hadi 4 maji yanakuwa ya kahawia kama chai: chuma kilichopata hewa kinashuka. Ukipita 6 kuelekea 8, ukiona bluu hafifu, hiyo ni shaba uliyoiacha. Zinki na risasi zinataka 9 hadi 9.5. Nikeli inataka zaidi, 10 na kidogo. Ndiyo maana nasimama 9.5 nikijua hakuna nikeli, na kama ipo naifanya mara mbili: naichuja kwanza kwenye 9.5, kisha maji yaliyochujwa nayapandisha hadi 10.5 na kuchuja tena. Kupandisha moja kwa moja juu sana kuna hasara, kwa sababu risasi na zinki zikizidishiwa chokaa zinaanza kurudi majini. Zinapenda katikati.

Amonia ikiwa imeingia jabani, shaba na nikeli zitakataa kushuka na maji yatabaki bluu ya kung'aa hata kwenye pH 9. Dawa zenye salfaidi zinaweza kuzishusha, lakini zikikutana na asidi zinatoa gesi ya mayai viza inayoua. Sizitumii kwenye karakana na sikushauri. Peleka jaba hilo kwa wenye mtambo wa kusafisha maji taka.

Acha itulie saa 24. Nyonya ya juu, ya chini yapitishe kwenye amerikani iliyokunjwa mara mbili juu ya ndoo.

Hapa niliwahi kukosea. Jaba lilikuwa limetulia vizuri, maji safi juu, na mimi kwa haraka nikaona pH 9.5 ni kubwa, nikatia asidi kidogo ili niiteremshe kabla ya kuchuja. Nikakoroga. Tope lililokuwa limekaa chini likainuka, likakutana na asidi, na baada ya saa moja maji yangu safi yalikuwa na rangi ya bluu tena. Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi hakunigombeza. Alikuja akaangalia, akaniambia kwa Kisukuma, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "chuja kwanza." Nikaanza upya, chokaa nyingine, siku nyingine. Kwa hiyo: chuja, hakikisha maji hayana hata unga mmoja, ndipo uteremshe pH iwe kati ya 6.5 na 8.5.

Hatua ya 6: maji na tope

Maji yakiwa angavu bado hayajawa salama kwa kuangaliwa tu. Peleka chupa moja ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, hapahapa Mwanza, uombe wapime shaba, zinki, risasi, nikeli na zebaki, kisha ulinganishe na viwango vya kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007. Kuna kitu chokaa haikuondoa, nacho ni naitreti ya ile nitriki. Yote ingali humo. Naitreti ni mbolea, na ziwa hili linajua maana ya mbolea isiyoombwa. Waliovua miaka ya 1990 wanakumbuka gugu maji lilivyofunga mialo na boti zikakwama. Kwa hiyo hata maji yaliyopita kwenye kipimo cha metali usiyapeleke mferejini. Mimi nayatumia tena kukorogea chokaa ya jaba linalofuata, na yanayozidi nayaweka kwenye beseni pana chini ya paa yakauke na upepo, au nayatoa pamoja na tope.

Tope ni taka hatarishi. Si mbolea, si udongo wa kufyatulia matofali, si wa kujazia shimo la barabara. Mvua yenye asidi kidogo tu, au mkojo wa ng'ombe, inaweza kuanza kulitoa lilichoshika. Likaushe kiangazi, Juni hadi Septemba, juu ya turubai chini ya paa. Lifunge kwenye mifuko ya plastiki ndani ya magunia, andika tarehe na lilikotoka, lipandishe juu ya mbao lisiguse sakafu. Linachukuliwa na mwenye kibali cha taka hatarishi. Ofisi ya baraza la mazingira la taifa (NEMC) Kanda ya Ziwa ndiyo pa kuulizia nani anacho. Karakana mbili tatu zikikusanya magunia pamoja, gharama ya gari inagawanyika.

Weka daftari: lita zilizoingia, chumvi, chuma na chokaa iliyotumika, gramu za fedha na kilo za shaba zilizotoka, pH ya mwisho. Baada ya majaba matatu utajua asidi yako inataka nini bila kubahatisha.

Na yale maji ya kuoshea ndoo, mti wa kukorogea na kitambaa cha kuchujia nayo yana shaba. Yarudishe kwenye jaba la pili, yasubiri zamu.